Siku Nilipomwosha Uso Madamu Abeke

Mimi ni mtu wa kinyongo, na nalisema hili mapema ili baadaye mtu asije akanishangaa. Ukinikosea leo na ukaniomba radhi leo, yameisha, tutakula amala sahani moja. Ukinikosea ukanyamaza, nitakuweka rohoni hata miaka saba. Madamu Abeke nilimweka miaka saba na mwezi mmoja.

Alikuwa fundi wangu. Ibadan nzima, kuanzia Mokola mpaka Bodija, bibi harusi asiyepambwa na Madamu Abeke alionekana kaolewa nusu. Mama yangu alinipeleka kwake nikiwa na miaka kumi na tisa. Tulipiga magoti wote wawili mlangoni pa saluni yake, karatasi ikaandikwa: kwa miaka mitatu Moradeke atafagia, atachemsha maji, ataosha brashi, atajifunza kazi. Nikafagia. Nikachemsha. Mwaka wa pili mimi ndiye niliyekuwa nachora nyusi za wateja, yeye ameketi kibarazani anatafuna karanga na kupokea sifa. Sikulalamika, maana ndivyo wanavyoishi wanagenzi wote.

Kwetu mwanagenzi hamalizi tu akaenda zake. Huachiliwa. Kila Januari chama cha mafundi wa urembo hukodi ukumbi, waliomaliza hushona kitambaa cha aina moja, ngoma zinalia, watu wanakula, na kila mwanagenzi hupanda jukwaani na fundi wake. Fundi anaketi kitini. Mwanagenzi anamtoa vipodozi alivyokuja navyo, kisha anampamba upya mbele ya watu, huku akieleza anachofanya. Lazima iwe kazi aliyofundishwa na fundi huyo, si ya kuokota kwingine, na mpaka amalize hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kuugusa uso ulioko kwenye kile kiti. Kisha anapiga magoti, fundi anamwekea mkono kichwani na kumwombea dua, ile ile ya kila fundi, inayoishia na maneno haya: mkono wako upambe, mkono wako usimuunguze mtu. Ukumbi unaitikia amina. Usipopita hapo wewe si fundi, hata uwe na vidole vya malaika. Ukifungua saluni, wanawake wa chama wanakuja na kufuli.

Ile sehemu ya kutoa vipodozi ilikuwa imebaki kama salamu tu. Mwanagenzi anapitisha pamba shavuni mara moja au mbili, watu wanapiga makofi, anashika brashi. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho mtu kuoshwa kweli jukwaani.

Nilikuwa nimebakiza wiki tano niachiliwe. Yewande, binti wa muuza vitambaa wa Dugbe, alikuwa anaolewa Jumamosi, akaja Jumatano kujaribiwa vipodozi vya harusi. Madamu Abeke alimpamba mwenyewe, akampiga picha, kisha akaniita nimsafishe. Akanipa chupa yake.

Chupa ile nisipoieleza hamtanielewa. Ilikuwa ya plastiki, imebanduliwa karatasi, na ndani yake alichanganya spiriti, maji ya limau, na mkorogo wa kung'arisha ngozi alioununua sokoni kwenye kopo lisilo na jina. Alikuwa akiiongeza makali mwezi hadi mwezi. Aliamini inatoa vipodozi kwa mpanguso mmoja na kumwacha mtu anang'aa. Mpanguso mmoja ni kweli. Siku hiyo ilinuka mpaka machozi yakanitoka, na vidole vyangu vikaanza kuwasha. Nilimwambia kwa adabu, nimepiga goti, kwamba Mama, leo kitu hiki ni kikali, tumtoe kwa mafuta tu. Akaniuliza tangu lini mfagiaji akamfundisha fundi kazi. Basi nikampaka. Sikuwa nimemaliza shavu la pili Yewande alipopiga ukelele.

Kesho yake alikuwa na malengelenge usoni. Jumamosi aliolewa amejifunika shela nzito mpaka kifuani, na picha za harusi hiyo hadi leo hazijatundikwa ukutani. Mama yake alikuja saluni na mashangazi sita. Madamu Abeke akatoka nje, akasimama pale kwa wauza ndizi za kukaanga ili kila mtu asikie, akasema mimi ndiye niliyekoroga kitu kile kwa akili zangu. Akasema yeye hajawahi kuishika chupa kama hiyo. Halafu akasema maneno ambayo niliyalala nayo na kuamka nayo.

"Huyu nimemfundisha kuosha nyuso tu, na hata hilo limemshinda. Mkono wake unaunguza watu."

Akanitupia begi langu barabarani. Mama yangu aliyekuwa amekuja kuniletea chakula alipiga magoti kwenye vumbi, akamshika pindo la nguo, akamwomba anionee huruma, zimebaki wiki tano tu. Madamu Abeke alilivuta pindo lake akaingia ndani. Hakumtazama hata usoni. Mimi ningeweza kusamehe ya kwangu, pengine. Ya magoti ya mama yangu, thubutu. Mama alifariki miaka minne baadaye, na hata msibani nilimsikia mtu akinong'ona kwamba marehemu ndiye mama wa yule msichana anayeunguza.

Nikawa napamba watu majumbani mwao, begi begani, mlango hadi mlango. Na kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kuosha nyuso kumenishinda, nilijifunza kuosha nyuso mpaka nikawa mwendawazimu wa jambo hilo. Wanawake walinijia na ngozi zilizochoka, wanaolala na vipodozi siku tatu, wanaosugua macho kwa kanga, wanaotoa fondesheni kwa sabuni ya kufulia. Niliwaosha mmoja mmoja, nikawafundisha. Siku moja akaja Yewande mwenyewe, na kovu refu chini ya taya la kushoto. Alikuwa anakumbuka vizuri nani alitoa chupa kabatini, ila siku zile hakuna aliyemuuliza. Nilimtunza ngozi yake miaka miwili, na kovu lile halikuisha.

Mara tatu nilifungua saluni, mara tatu wakaja na kufuli. Mara ya tatu nilikwenda kwa mwenyekiti wa chama, Alhaja Simbiat, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya chini asiyependa kusumbuliwa, nikapiga magoti sebuleni kwake nikakataa kuinuka. Nilimwambia sitaki pesa, sitaki kuombwa radhi, nataka kupandishwa jukwaani na fundi wangu kama wenzangu wote. Nikishindwa, wanivunje vidole. Akaita kikao.

Madamu Abeke alikuja kwenye kikao amenawiri, akacheka. Alirudia yale yale: alinifundisha kuosha nyuso tu, kupamba hajawahi kunifundisha, na katibu akayaandika kwenye daftari la kikao neno kwa neno. Lakini kukataa kupanda jukwaani kungeonekana ni woga, naye alikuwa na mahesabu yake. Fundi ndiye mwenye neno la mwisho pale kitini. Angejitazama kwenye kioo, angesema sijaiva, na habari yangu ingekuwa imekwisha Ibadan nzima. Akakubali. Tena akakubali kwa mbwembwe.

Kuna kitu nilikuwa nakijua ambacho yeye hakujua kama nakijua. Katika miaka mitatu ya kufagia kwake sikuwahi kumwona Madamu Abeke bila vipodozi. Alikuja asubuhi kapambwa, aliondoka jioni kapambwa. Tukienda msibani, kapambwa. Alipougua malaria nikampelekea supu, nilimkuta kitandani kapambwa. Ila mchana mmoja wa Machi umeme ulikatika, feni zikasimama, jasho likamshuka, na chini ya taya fondesheni ikafunguka mstari mwembamba. Niliona nilichokiona. Aliuziba haraka kwa kidole akaniuliza natazama nini. Nikasema sitazami kitu, Mama.

Jumamosi ya kuachiliwa, upepo wa vumbi ulikuwa umeshaingia na midomo ya watu imepasuka. Kabla ya saa tano ukumbi ulikuwa umejaa. Tulikuwa kumi na mmoja tuliovaa kitambaa cha zambarau, wenzangu wote wasichana wa miaka ishirini, mimi ishirini na tisa. Waliocheka wakacheka. Yewande nilimwalika nikamweka mstari wa mbele, nikamwambia asiniulize kitu.

Madamu Abeke aliingia wa mwisho, na gele ya dhahabu kichwani, kilemba kipana kiasi kwamba aliinama kupita mlangoni. Mafundi wenzake walikuja na poda kidogo na lipstiki, maana walijua watapambwa. Yeye alikuja na uso mzima wa sherehe: fondesheni tabaka juu ya tabaka, mashavu yamechongwa, kope bandia, midomo myekundu. Ukumbi ukamshangilia. Asingeweza kutoka kwake vinginevyo, na alijua pamba itapita mara moja tu. Mimi ndiye niliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Zamu yetu ilikuwa ya mwisho. Aliketi, akapanga nguo yake, akaninong'oneza bila kusogeza midomo kwamba nipanguse upesi, nimpake hivyo nijuavyo, atangaze sijaiva, ana safari ya Lagos. Nikaitika ndiyo, Mama. Nikanawa mikono. Halafu nikaanza kutoa vitu kwenye begi: pamba, chupa ya mafuta ya nazi, sabuni laini isiyo na harufu, mabakuli mawili, chupa ya chai iliyojaa maji ya uvuguvugu, na vitambaa vitatu vyeupe vilivyopigwa pasi. Alipoona mabakuli macho yalimcheza.

"Vya nini hivyo?"

"Vya kuosha uso, Mama. Si ndicho ulichonifundisha?"

Alhaja Simbiat alikuwa kashika maiki pembeni. Nikamwomba anisogezee ili wadogo zangu wa zambarau wasikie. Nikaeleza kwamba tunaanza na kilemba, kwa sababu vipodozi hujificha kwenye mpaka wa nywele, na anayeosha katikati ya uso tu anajidanganya. Nikaivua gele nikaiweka chini. Watu wakaguna. Madamu Abeke alinikamata kifundo cha mkono, kwa siri, kucha zikaingia.

Alhaja akaona. "Mwache afanye kazi yake," akasema. Kucha zikatoka.

Macho ndiyo ya kwanza, nikawaambia. Pamba iloweshwe mafuta, iwekwe juu ya jicho lililofumbwa, iachwe. Usisugue. Hesabu mpaka thelathini, gundi iachie yenyewe. Watu hawana subira, wanasugua, halafu wanakuja kwangu kuuliza kope zao zimekwenda wapi. Nilihesabu kwa sauti. Nilipofika kumi ukumbi ukawa unahesabu na mimi, kwa furaha, wakidhani ni mchezo. Thelathini. Kope bandia zikatoka na pamba, laini, bila kuvuta. Chini yake kope zake mwenyewe zilikuwa chache za kuhesabika.

Midomo: toka pembeni uje katikati, ukienda kinyume unaitawanya rangi mpaka kidevuni. Halafu uso. Mafuta kwenye mikono mikavu, juu ya uso mkavu, maji bado kabisa. Nilimsugua kwa ncha za vidole, duara ndogo ndogo, mashavu, paji, pembe za pua. Nilimwosha kwa upole ambao yeye hakunionyesha hata siku moja. Rangi zikachanganyika, uso ukawa tope la kahawia, watu wakacheka. Nilifuta kwa kitambaa cha kwanza chenye maji ya uvuguvugu, nikakiinua.

Nikawaambia wakitazame vizuri. Kitambaa cha kwanza kikitoka hivi, hujamaliza, na wengi wao huishia hapo wakalala. Wakacheka tena, wengine kwa aibu. Bado uso wake ulikuwa umefunikwa, maana alivaa matabaka mengi. Madamu Abeke alivuta pumzi, akafanya kuinuka, akasema kwa sauti ya kila mtu kwamba yatosha, mtoto apambe sasa.

"Bado, Mama," nikamwambia. "Ukiniachisha hapa nitakuwa sijaosha, nawe utasema limenishinda."

Ukumbi ukapiga makofi. Akaketi tena. Ningetaka kumuumiza ningeosha vibaya, haraka, nusu nusu, na nusu ile ingemsitiri. Mimi niliosha vizuri. Mafuta mara ya pili. Sabuni laini, povu la kiganjani, mara moja tu. Kitambaa cha pili kilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Kicheko kilikuwa kimeanza kupungua, kwanza mistari ya mbele, kisha ya nyuma. Kitambaa cha tatu nilikipitisha kule wanakosahau wote: mpaka wa nywele, nyuma ya masikio, chini ya taya, shingo. Nikawaambia kitambaa cha mwisho lazima kitoke cheupe, kisipotoka cheupe rudia. Nikakiinua. Kilikuwa cheupe. Nikamkausha kwa kugusagusa, bila kusugua, nikasogea pembeni.

Mashavu yake yalikuwa na mabaka ya bluu nyeusi, yale ya mkorogo uliokaa miaka. Kuzunguka pua ngozi ilikuwa nyembamba na nyekundu, mishipa inaonekana. Na chini ya taya, kulia na kushoto, makovu marefu yanayong'aa, pale kitu cha majimaji kilipokuwa kikichuruzika na kuunguza, kikichuruzika na kuunguza. Kumbe chupa ile alikuwa akiitumia yeye mwenyewe. Aliiamini. Ilimuunguza, akajifunika zaidi, na kwa kujifunika zaidi akahitaji chupa kali zaidi.

Yewande alisimama. Sikumwita. Alikuja mpaka ukingoni mwa jukwaa, akageuza uso wake upande wa kushoto ili kila mtu aone, akaweka kidole kwenye kovu lake, kisha akakinyoosha kwa Madamu Abeke.

"Alhaja, ni alama moja," akasema. "Ni ile chupa."

Nitasema kweli, nilisikia utamu. Nilimwona mama yangu kwenye vumbi na pindo la nguo likimtoka mkononi, na nikatamani angeishi miaka mitatu zaidi, siku ile moja tu ya ziada. Kisha nikaanza kukunja vitambaa vyangu na kuvirudisha begini.

Alhaja aliniuliza naenda wapi, mbona sijapamba. Nikamjibu kwa heshima zote, nimepiga goti, kwamba nimemaliza. Madamu alitamka kwenye kikao kuwa alinifundisha kuosha nyuso tu, na daftari lipo. Nimeosha. Kumpamba fundi kwa kazi asiyonifundisha, desturi inakataza. Hivyo kama alisema kweli, kazi yangu imeishia hapa, na Mama anaweza kwenda Lagos.

Katibu akafungua daftari, akasoma. Alhaja akamtazama Madamu Abeke, naye akautazama mlango. Kati ya kiti chake na mlango kulikuwa na watu mia mbili na simu zao juu. Fundi mwenzake mmoja alitoa poda kwenye mkoba, Alhaja akatikisa kichwa: kitini pale hauingii mkono mwingine. Gele yake ilikuwa miguuni pangu. Madamu Abeke akanivuta kwa kitambaa changu cha zambarau nikainama.

"Nirudishie uso wangu," akanong'ona.

"Sema, basi. Ulinifundisha nini?"

"Una roho mbaya, Moradeke."

"Ninayo, Mama. Mkono wangu je?"

Nilikuwa tayari kusubiri mpaka usiku, nilishasubiri miaka saba. Mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni alianza kulia huko nyuma, mama yake akatoka naye nje, na bado Madamu Abeke hajasema. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, akitazama mikono yake. Alhaja akamwekea maiki mdomoni na kumwambia arudie.

"Nilimfundisha yote," Madamu Abeke akasema. "Kupamba pia. Alikuwa ameiva tangu mwaka wa pili. Na ile chupa ilikuwa yangu."

Ukumbi uliguna kama watu wanaoshusha mzigo. Mama yake Yewande, aliyekuwa nyuma, alisikika akimtukana kwa jina la baba yake. Alhaja alimwacha amalize ndipo akamtuliza. Akanigeukia akaniambia binti yangu, pamba.

Nikafungua tena begi. Nikampaka krimu nyepesi ngozi ikiwa bado na unyevu, nikasubiri iingie, nikawaeleza wale wasichana kwamba fondesheni juu ya krimu mbichi huviringika. Nikachagua rangi kwa kuijaribu shingoni, si mkononi, tena nikiwa nimemgeuza upande wa dirisha, maana taa za ukumbi ni waongo. Kidogo katikati ya uso, nikagonga kwa sponji yenye unyevu kuelekea nje, kugonga na si kuburuta. Nyusi nikazichora kwa vijinywele vifupi vifupi pale tu palipo na pengo. Wanja mwembamba. Mafuta ya mdomo yenye rangi kidogo. Ni uso wa Jumatatu, wa kwenda kazini na sokoni, ambao mtu anaupaka kwa dakika tano na kuutoa kwa dakika tano.

Nikampa kioo. Alijitazama. Mabaka yalikuwa yamepoa, lakini yalionekana. Makovu ya taya sikuyagusa.

"Funika, mwanangu," akaniambia. "Nakuomba, funika."

"Ngozi hii haibebi zaidi ya hapa, Mama. Ukiifunika zaidi itaoza."

Ilikuwa kweli tupu, fundi yeyote pale angesema hivyo hivyo. Na ningeyaacha wazi makovu yale hata ingekuwa uongo.

Kisha nikapiga magoti. Nilipiga magoti, ndiyo, kama msichana wa miaka ishirini, maana desturi ni desturi na hicho ndicho nilichokuja kuchukua. Mkono wake ulikuja juu ya kichwa changu, mwepesi. Akaanza dua. Akaniombea wateja, akaniombea afya, akaniombea mlango usiofungwa. Hapo watu walicheka kidogo kwa sababu ya makufuli. Akasema mkono wako upambe.

Tukasubiri. Nilikuwa naziona ndala zake za dhahabu, na tone la maji likaanguka kati ya vidole vya mguu wake. Sikuinua kichwa.

"Malizia, Abeke," Alhaja akasema.

"Mkono wako," akasema, "usimuunguze mtu."

Nikaitikia amina kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanawake waliokuwa jikoni wanapakua wali.